Sikurusha Ndege, Nilizizuia

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na wazazi wao, hapa Dodoma mjini. Wengi mvua iliwazuia, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyonitoka, isipokuwa picha za ukutani, ambazo hata siku ile hazikuonekana vizuri kwa sababu madirisha hayakuwa na mapazia.

Mbukwenyi!

Na ninyi ambao si Wagogo, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni, kama humu ndani yumo aliyenizidi umri, maana nikiangalia nina wasiwasi.

Nilipokuwa naingia getini kijana mmoja alinipokea mkoba. Tukatembea kidogo, akashindwa kuvumilia, akaniuliza: "Bibi, eti ulikuwa jeshi la anga? Ulikuwa unarusha ndege?" Nikamjibu, "Hapana, mjukuu wangu. Nilikuwa nazizuia." Akacheka. Namwona pale mstari wa tatu, bado anacheka. Basi, mjukuu wangu, nitakaa nanyi hapa kama saa moja kukueleza kwamba sikuwa nakutania.

Mimi nilikuwa karani wa bohari. Nilianza chini kama wote wanavyoanza, nikastaafu nikiwa sajini. Silaha yangu ilikuwa leja, kalamu na shada la funguo. Kiti cha rubani nimekikalia mara moja tu maishani, siku tuliyopigwa picha, na hata siku hiyo nilikatazwa kugusa chochote.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane. Mambo ya hapa nyumbani, ndege ngapi, za aina gani, ziko wapi, mimi sisemi. Nilikula kiapo, na kiapo hakistaafu. Ya kwetu nitasema yale anayoyajua hata muuza karanga wa stendi: kwamba JWTZ liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, kwamba lina Kamandi ya Jeshi la Anga, na kwamba ukipanda treni ya umeme kutoka hapa kwenda Dar es Salaam utapita Ngerengere, mahali ambapo jina lake limekwenda pamoja na ndege za jeshi tangu sisi tuko wasichana. Inatosha. Mkinisikia nataja nchi za watu na makosa yao, si kwamba nawasengenya. Habari zao zimeshaandikwa, nyingi zimeandikwa na tume zao wenyewe.

Sasa niwaulize. Kituo cha jeshi la anga ni nini? Mtaniambia ni mahali pa kuweka ndege. Haya, nisaidieni kuhesabu.

Chukueni ndege moja ya kivita, ya mtu mmoja, itakayoruka saa moja asubuhi na kurudi saa mbili. Rubani ni mmoja. Lakini usiku uleule kuna mtu wa hali ya hewa anayesoma upepo na mawingu. Kuna mpishi aliyeamka saa tisa. Kuna fundi wa injini, fundi wa umeme, fundi wa kile kiti kinachomfyatua rubani ndege ikiharibika. Kuna wa silaha. Kuna dereva wa boza la mafuta na mwenzake anayepima mafuta. Kuna zimamoto wamekaa ndani ya gari, injini inanguruma, na wanaomba Mungu wasiitwe. Kuna muongoza ndege mnarani, kuna wa rada, kuna wa simu na redio. Kuna anayefagia njia ya kurukia. Kuna anayefukuza kunguru. Kuna mlinzi getini, na mlinzi mwingine amesimama pembeni ya ndege yenyewe. Kuna daktari. Kuna fundi bomba, maana watu wote hao wanataka maji. Halafu kuna mimi, nimekaa bohari, nimejifunga khanga juu ya sare kwa sababu ya baridi, jambo ambalo lilikuwa kosa.

Nimefika wangapi? Mmepoteza hesabu? Hata mimi.

Na karibu kila mmoja kati ya hao ana neno moja mdomoni ambalo likitoka, ndege haiondoki. Haipai! Semeni na mimi. Haipai!

Mwenye kupima mafuta huchota kidogo katika chupa ya kioo, anaiinua kwenye mwanga. Akiona maji yametuama chini, akiona chembe zinaelea, haipai. Daktari akimkuta rubani ana mafua, haipai. Mnacheka mafua? Ndege ya kivita hupanda na kushuka kwa kasi, na mgandamizo wa hewa hubadilika kwa kasi ileile. Masikio na pua vikiwa vimeziba, maumivu yake yanaweza kumfanya mtu asione hata saa iliyo mbele ya macho yake. Mtu wa hali ya hewa akisema ukungu umeshuka, haipai. Fundi akikuta tone la mafuta mahali pasipotakiwa kuwa na tone, haipai.

Wamarekani wamejenga vituo vingi vya namna hii duniani, na mpango wao ni rahisi kuuelewa. Kwa miaka mingi kituo chao cha kawaida kimekuwa na mafungu manne makubwa: la kuruka, la matengenezo, la huduma na la tiba. Hilo la huduma ndilo kubwa kwa mambo, maana humo mna ulinzi, ujenzi, umeme, magari, zimamoto, jiko na sisi watu wa stoo. Juu ya mafungu yote manne kuna kamanda mmoja. Zamani haikuwa hivyo kila mahali kwao. Kituo kimoja kiliweza kuwa na mkubwa wa ndege na mkubwa wa majengo, na kila mmoja na ofisi yake na tarishi wake. Miaka ya mwanzo ya 1990 mkuu wa jeshi lao la anga, Jenerali Merrill McPeak, akakata shauri: kituo kimoja, kikosi kimoja, bosi mmoja. Angekuja hapa Majengo sokoni angeambiwa bure kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapokosea wanapofikiria jeshi. Wanadhani bosi mmoja maana yake ni mdomo mmoja. Sivyo. Katika kituo kinachoendeshwa vizuri, wa kusema "nenda" ni mmoja. Wa kusema "haipai" ni wengi, na wengine hawana hata V moja begani.

Niwape cha kwangu mwenyewe. Kituo sitakitaja.

Bohari ya zana ina ubao mkubwa ukutani. Kila zana imechorewa umbo lake kwa rangi, spana ina umbo la spana, bisibisi umbo la bisibisi. Fundi akichukua spana anaacha kibati chake chenye namba palepale pa spana. Akirudisha spana, anachukua kibati chake. Jioni karani anasimama mbele ya ubao, haitaji hata leja. Pakiwa na umbo tupu, jicho linaona. Ni ubao wa bei ndogo kabisa, na sijaona kompyuta iliyoushinda.

Jioni moja umbo likawa tupu. Spana ndogo, urefu wa kidole hiki. Kibati kipo, namba inasomeka, fundi mwenyewe nikamwita. Kijana mpole, mtaratibu. Akasema, "Koplo, nimeirudisha." Nikamwambia, "Kibati chako kinasema hujarudisha." Akatafuta mifukoni mwa ovaroli, hakuna. Akatafuta sandukuni, hakuna.

Siku hiyo alikuwa amefanya kazi kwenye ndege mbili. Mnaelewa maana yake? Spana ikisahaulika ndani ya ndege haikai palepale. Ndege ikigeuka nayo inasafiri. Inaweza kwenda kulala katikati ya nyaya zinazovuta vibawa vya kuongozea ndege, na rubani akivuta usukani, usukani ukagoma. Kwa hiyo nikafungua kitabu, nikaandika ndege zote mbili: haipai. Nikaweka sahihi. Koplo, tena mwanamke, miaka ishirini na kitu, naandika hivyo wakati moja ya ndege zile imepangwa alfajiri.

Afande mmoja mkubwa akaja mwenyewe. Hakuja kwa upole. Akauliza, "Nani amezizuia ndege zangu?" Watu wote wakaangalia viatu vyao. Nikasema, "Ni mimi, afande." Akaniangalia, akauangalia ubao, akaangalia lile umbo tupu. Kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mkuu wa mafundi, akasema neno moja tu: "Fungueni." Maana yake wafungue mifuniko ya ndege zote mbili, watafute. Wakafungua. Taa zikaletwa, watu wakaingiza vichwa, wakaingiza vioo vyenye mpini, saa nne ya usiku, saa sita, saa nane. Hakuna spana.

Ilipatikana saa kumi alfajiri. Jikoni!

Mpishi alikuwa na jiko la mafuta ya taa ambalo nati yake ililegea, akamwomba yule kijana amkazie wakati anakwenda kula. Kijana akakaza, akala, akasahau. Spana ilikuwa juu ya kabati la sufuria, imepakwa masizi. Mpishi alikuwa anaiona tangu mchana na hakujua kwamba kituo kizima hakijalala kwa ajili yake.

Mnadhani nilipewa nishani? Niliambiwa niandike ripoti ya kurasa tatu kueleza ni kwa nini zana ya ndege ilifika jikoni chini ya usimamizi wangu. Nikaiandika. Lakini kuanzia siku hiyo yule afande akikutana na mimi njiani alikuwa anasimama. Hasemi kitu, anasimama kidogo, halafu anaendelea.

Nimekaa sana kwenye spana, najua. Twende.

Wazazi waliotoka Kongwa mko humu? Mnakumbuka hadithi za wazee kuhusu mpango wa karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga pale kwa matrekta, mengi yakiwa mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, yamenunuliwa yamechoka. Ardhi ya Kongwa mnaijua, ikikauka ni saruji. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamelala, hayana vipuri, hayana mafundi wa kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Walileta mashine kwanza, halafu ndipo wakaanza kutafuta karakana. Ninyi mnaosoma uchumi andikeni hilo, kwa sababu hadi leo ziko nchi hununua ndege za kivita kwa namna hiyohiyo, zinapita angani siku ya sherehe, mwaka wa pili zimefunikwa turubai. Na trekta likifa linasimama shambani. Ndege haina pa kusimama.

Sasa jambo la leja. Vijana mnaona leja ni kazi ya waliofeli. Sikilizeni hii.

Tarehe 29 Agosti 2007, katika kituo cha Minot, jimbo la North Dakota huko Marekani, watu waliagizwa kupakia makombora kumi na mawili kwenye ndege kubwa ya mabomu, B-52. Yalikuwa makombora ya kustaafishwa, yanahamishwa kwenda kituo cha Barksdale, Louisiana. Vichwa vya nyuklia vilitakiwa viwe vimeshaondolewa, mahali pake viwekwe vichwa bandia. Makombora sita yalikuwa sawa. Sita mengine yalikuwa bado na vichwa vyake. Vya nyuklia. Vya kweli.

Kulikuwa na hatua kadhaa za kukagua. Watoa ghala walitakiwa waangalie. Wapokeaji walitakiwa waangalie. Kila kombora lina kijidirisha kidogo ambacho ukichungulia unajua kichwa ni cha aina gani. Kuchungulia tu! Watu wakaona wenzao watakuwa wamechungulia. Ndege ikalala nje usiku kucha na ulinzi wa kawaida. Asubuhi, tarehe 30, ikaruka, ikapita juu ya nusu ya nchi yao ikiwa na mabomu sita ya nyuklia ambayo rubani mwenyewe hakujua anayo. Ikatua Louisiana, ikakaa tena saa nyingi uwanjani. Tangu yalipotolewa ghalani mpaka kugundulika zilipita kama saa 36.

Waliogundua ni watu wa silaha wa huko Barksdale, waliokuja kuyashusha. Waliangalia, wakaona hapa kuna kitu si cha kawaida. Wakasimamisha kazi.

Saa 36! Nchi yenye setilaiti, yenye kompyuta, yenye kila kitu. Mwaka uliofuata ikajulikana pia kwamba vifaa vya makombora ya nyuklia vilikuwa vimepelekwa Taiwan kimakosa, watu wakidhani wanapeleka betri za helikopta. Hapo waziri wa jeshi lao la anga na mkuu wa jeshi hilo wakaondoka madarakani wote wawili, mwezi Juni 2008. Waziri na jenerali wa nyota nne, kwa kosa la stoo. Mimi niliposoma habari ile nilikuwa nyumbani, nikamwita mume wangu, nikamwambia, "Unaona? Unaona?" Akasema, "Ninaona, mama, kaa chini."

Tuje kwenye uwanja wenyewe, maana uwanja nao ni mtu wa kutunzwa.

Sisi watu wa Dodoma tunaujua uwanja wa ndege. Uko katikati ya mji, na ni mkongwe; miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za safari ya kutoka Cairo kwenda Cape Town zilikuwa zinatua hapa. Tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga, na jua la Novemba la saa nane mchana linaifanya iwe nyepesi zaidi. Bawa linashika hewa. Hewa ikiwa nyepesi bawa linapata kidogo cha kushika, na injini inapata kidogo cha kuvuta. Kwa hiyo ndege ileile, mzigo uleule, itahitaji njia ndefu zaidi hapa kuliko Dar es Salaam, au ipunguze mzigo, au isubiri asubuhi. Ndiyo maana kituo cha ndege kwenye nchi ya joto huamka mapema kuliko wauza maziwa.

Halafu kuna upepo wetu. Mnakumbuka mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019? Kila mti wa mji huu ulikuwa umevaa mfuko. Sasa fikiria mfuko ule, au kokoto, au nati, mbele ya injini inayovuta hewa kama jitu. Ndiyo maana kwenye vituo vya ndege za kivita asubuhi watu hupanga mstari, bega kwa bega, wanatembea uwanja mzima vichwa chini wanaokota. Msumari, waya, kifuniko cha soda. Mwenye cheo na asiye na cheo. Nimeona luteni kanali ameinama anaokota kijiti cha kiberiti. Mwaka 2000 kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kwenye njia ya kurukia kule Paris kilipasua tairi la Concorde, likatoboa tangi, na watu 113 wakafa. Hiyo ilikuwa ya abiria, lakini chuma hakichagui.

Na ndege wenye manyoya? Tarehe 22 Septemba 1995, kituo cha Elmendorf, Alaska. Ndege kubwa ya rada ya jeshi la Marekani ilikuwa inapaa. Kundi la bata bukini likainuka kutoka kwenye nyasi za uwanja, likaingia katika injini mbili za kushoto. Haikwenda mbali. Watu 24 walikuwemo, wote walikufa. Uchunguzi ukaeleza kwamba bata wale walikuwa wameonekana kutoka mnarani, na rubani hakuambiwa.

Nisirudie? Nitarudia. Walionekana, na rubani hakuambiwa.

Mimi simlaumu sana yule wa mnarani. Kila siku aliwaona bata, kila siku ndege zikaruka salama. Jambo ukiliona kila siku linaacha kuwa habari. Lakini neno lilikuwa mdomoni mwake, dakika moja tu ya kusubiri, na halikutoka.

Kuhusu ulinzi nitasema machache, kwa sababu jua linapanda na kwa sababu mazungumzo ya ulinzi huwa yanawatia vijana ndoto za sinema. Ndege iliyoko angani ni simba. Ndege iliyoegeshwa ni mbuzi aliyefungwa kamba. Tarehe 5 Juni 1967 Waisraeli waliwashambulia Wamisri saa tatu kasoro robo asubuhi kwa saa za Cairo. Kwa nini saa hiyo? Doria ya alfajiri ilikuwa imetua, watu wanakunywa chai, na wakubwa wako barabarani wanakwenda ofisini. Wakavunja njia za kurukia kwanza, halafu wakazirudia ndege zilizokuwa zimepangwa wazi kama meno. Siku moja, takriban ndege 300 za Misri. Na ya upande wa pili haisimuliwi sana: mafundi wa Israeli wa ardhini waliweza kuijaza ndege mafuta na mabomu na kuirudisha angani kwa dakika chache tu, mara kadhaa siku ileile, hata adui akadhani ndege ziko nyingi kuliko zilivyokuwa. Baada ya hapo nchi nyingi zikaanza kujenga vibanda vya zege, ndege moja banda moja, mbali na mwenzake.

Karibu na sisi, Manda, kule Lamu. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, Al-Shabaab waliingia katika uwanja uliokuwa unatumiwa na Wamarekani. Wamarekani watatu waliuawa, na ndege sita zikaharibiwa. Wachunguzi wao waliandika kwamba watu walikuwa wamezoea, waliiona sehemu ile kuwa salama. Kuzoea! Ni wale bata tena.

Lakini kuna moja ninayoipenda, nayo inatoka Uingereza. Agosti 1940 Wajerumani waliupiga vibaya uwanja wa Kenley, kusini mwa London. Mabanda yakaungua, nyaya za simu zikakatika, na chumba cha kuongozea ndege hakikufaa tena. Unajua walihamia wapi? Kwenye bucha. Duka la nyama, mji wa jirani wa Caterham. Wakatandaza ramani yao pale, wakaunganisha simu, wakaendelea kuziongoza ndege za kuilinda London. Wengi wa wale waliokuwa wanasogeza vile vipande juu ya ramani walikuwa wasichana wa umri wenu. Kwa hiyo mtu akikuambia kituo ni majengo, mwambie kuna kituo kilihamia buchani na vita haikusimama. Jengo lilikwenda, utaratibu ukabaki: nani anampigia nani, nani anaandika, nani anasema.

Niliulizwa maswali mawili, nayo niyaweke hapa kwa waliokosa.

Binti mmoja aliuliza kama ni kweli mwanamke anaweza kuwa rubani wa jeshi, au nawapeleka bohari kwa sababu mimi nilipelekwa bohari. Swali zuri, tena lilinichoma kidogo. Mwanangu, nenda ukawe rubani. Wapo wanawake marubani, na sijaja hapa kukupunguzia kimo. Siku utakapokabidhiwa ndege utaletewa kitabu, ndani yake fundi ameandika alichofanya na kuweka sahihi, na wewe utaweka sahihi yako chini ya yake. Ninachokuomba ni kimoja. Kabla hujasaini, soma jina lake.

Kijana wa mstari wa tatu, yule wa mkoba, aliuliza: "Bibi, na kama umesema haipai halafu mkubwa akasema inapaa?"

Nilitegemea swali hilo litoke kwa mzazi. Mjukuu wangu, ilinitokea. Mara moja. Mkubwa ana haki ya kubeba jambo mabegani mwake, jeshi ndivyo lilivyo, lakini lazima aandike kwamba amelibeba. Nikamgeuzia kitabu, nikampa kalamu. Nikamwambia, "Afande, andika hapa kwamba umeamua iruke, halafu weka sahihi." Akaishika ile kalamu. Nje nasikia boza linanguruma, linasubiri. Akairudisha kalamu mezani, taratibu, akasema watu wakanywe chai kwanza.

Basi na ninyi chai yenu iko tayari pale chini ya mti. Ila kabla hamjainuka: viti vyekundu vimeazimwa kanisani. Ni 140, nilivihesabu nilipoingia. Mwalimu wa zamu amesimama mlangoni na daftari, na geti halifunguliwi mpaka vifike 140.